Sukari na maambukizi katika ujauzito: kipimo kipi kwa Faza, kipi kwa Malindi

Mama ana mimba ya wiki 26, yuko Faza, kisiwani Pate, na kijitabu chake cha kliniki kimeandikwa "apimwe sukari". Sukari ipi? Ya mkojo, ya kidole, ya kufunga, ya kunywa glukosi, au ile ya miezi mitatu? Zote zinaitwa kupima sukari, lakini moja humkamata mgonjwa ambaye nyingine imempitisha kuwa mzima. Kaswende ni hivyo hivyo, na maambukizi ya mkojo pia. Hapa tunaviweka vipimo hivi bega kwa bega, kwa mhudumu wa zahanati ya kisiwani na wa hospitali ya mjini, na kwa mama anayetaka kujua anachofanyiwa.

Kwanza, tunachotafuta. Kuanzia kati ya mimba, kondo la nyuma humwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie insulini vizuri, ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate chakula. Ikifika miezi mitatu ya mwisho, uitikiaji huo umeshuka kwa nusu au zaidi, na kongosho la mama linalazimika kutoa insulini mara mbili au zaidi ya kabla ya mimba. Likimudu, hakuna kinachoonekana. Likishindwa, sukari hupanda na kuvuka kondo hadi kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki, kwa hiyo kongosho la mtoto ndilo linalobeba mzigo. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1950. Insulini ya ziada humnenepesha mtoto tumboni, mabega yakaweza kukwama njiani, na kitovu kikishakatwa sukari ya mtoto huporomoka, kwa kuwa chakula kimekatika na kongosho lake bado linatoa insulini. Mama mwenyewe mara nyingi hasikii lolote. Bila kipimo, hajulikani.

Kunywa glukosi au kufunga tu?

Kipimo cha kunywa glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hufunga kwa muda wa saa 8 hadi 14 usiku, maji matupu yakiruhusiwa, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2013 ni 5.1 mmol/L kwa kufunga, 10.0 kwa saa moja na 8.5 kwa saa mbili. Kimoja tu kikifikiwa au kuvukwa, ana kisukari cha mimba. Ikiwa kufunga ni 7.0 au zaidi, au saa mbili ni 11.1 au zaidi, hicho si cha mimba tena bali ni kisukari kamili, na asicheleweshwe.

Kufunga tu ni damu moja, dakika tano, mama anaondoka. Hasara yake ilionekana katika utafiti mkubwa wa HAPO, uliotolewa 2008 kutokana na wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ambao ndio uliozaa viwango hivyo. Takwimu zake zilipochambuliwa, kufunga peke yake kulitambua kiasi cha asilimia 55 ya waliokuwa na kisukari cha mimba, na katika baadhi ya vituo kama robo tu. Waliobaki kongosho lao lilitosha usiku likazidiwa na mzigo wa mlo. Kwa mama anayefungua kinywa kwa mahamri na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, huo mzigo wa mlo ndio tunaotaka kuuona.

Kwa hiyo: kama mama anaweza kukaa saa mbili, anywe glukosi. Kufunga tu ni kwa yule ambaye hataweza kukaa au anatapika kila anachokunywa, na jibu lililo chini ya 5.1 liandikwe "kufunga peke yake", lisiandikwe "hana kisukari".

Kipimo hiki huharibika kwenye mambo madogo. La kwanza ni unga wenyewe. Glukosi inayouzwa madukani mara nyingi imeshikamana na maji, na gramu 75 za glukosi kavu ni sawa na gramu 82.5 za ile yenye maji. Soma ubandiko wa kopo. Pima kwa mizani, kwani kijiko cha huyu si kijiko cha yule. Koroga kwenye mililita 250 hadi 300 za maji baridi, kamua ndimu kidogo kukata kichefuchefu, anywe ndani ya dakika tano, na saa ianze kuhesabiwa anapomeza funda la kwanza. Akitapika, kipimo kimekwisha, apangiwe siku nyingine. Kati ya damu na damu akae kitako. Akitoka kwenda sokoni na kurudi, misuli yake imekula sehemu ya sukari tuliyotaka kuipima. Siku tatu za nyuma awe amekula kama kawaida yake. Anayejinyima wali na mkate ili "afaulu" anaweza kupata jibu baya kuliko hali yake, kwa sababu kongosho lililozoea njaa hukawia kuitika.

Ramadhani hukorofisha hesabu. Mama aliyekula daku saa kumi alfajiri akafika kliniki saa tatu asubuhi amefunga saa tano tu, na jibu la kufunga litatoka juu bila sababu. Swaumu na kufunga kwa maabara ni vitu viwili. Mjamzito ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, basi achague siku asiyofunga, asile kitu baada ya chakula cha usiku, aje asubuhi mapema. Dafu halihesabiwi maji, lina sukari.

Kidole, mshipa, au ya miezi mitatu

Viwango tulivyotaja ni vya damu ya mshipa, iliyotenganishwa na chembe, ikapimwa kwa mashine ya maabara. Glukomita, kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia sukari, hutumia tone la kidole. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinaitaka glukomita, kwa sukari ya chini ya 5.55, isipotoke zaidi ya 0.83 juu au chini katika majibu 95 kati ya 100. Ina maana mama mwenye 5.1 halisi anaweza kusomeka 4.3 au 5.9 na kifaa bado kikawa kimepita mtihani. Tena, baada ya kunywa glukosi damu ya kidole huwa juu kuliko ya mshipa, na mama mwenye upungufu wa damu husomeka juu kuliko alivyo. Kwenye karatasi, basi, mshipa unashinda bila ubishi.

Lakini kichupa cha damu nacho kina safari yake. Chembe za damu haziachi kula sukari zikitoka mwilini: katika joto la kawaida la chumba sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi hupungua haraka zaidi. Chukua damu ya kufunga yenye 5.3, iweke mkobani saa mbili ikisubiri mashua na gari. Ikifika maabara inasoma kama 4.7. Mama anaambiwa mzima. Kichupa cha kifuniko cha kijivu chenye floraidi husaidia, ila dawa hiyo huchukua saa moja hadi mbili kushika, na sukari inayopotea hupotea zaidi katika saa hiyo ya kwanza. Kinachoizuia hasa ni kichupa kutumbukizwa mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji, kisha damu kuzungushwa kwenye sentrifuji ndani ya nusu saa na maji yake kutengwa.

Hapo ndipo Malindi na Faza zinapoachana. Mjini, penye sentrifuji na umeme hatua chache kutoka kiti cha mama, damu ya mshipa ndiyo ya kuchagua, na kutumia glukomita ni kujipunja. Kwenye kisiwa cha Pate, ambako mashua hufuata maji kujaa na kupwa na Kusi hukorofisha bahari miezi mizima, glukomita nzuri iliyosomwa papo hapo ina ukweli mwingi kuliko kichupa kilichosafiri bila kuzungushwa. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilisema hivyo 2015: pasipo maabara, glukomita iliyohakikiwa inakubalika. Tunaliunga mkono kwa masharti. Kifaa kipimwe kwa maji ya uhakiki kila kopo jipya la stripu linapofunguliwa. Kopo lifungwe mara tu stripu moja ikitoka, maana unyevu wa Pwani huziua stripu kimya kimya. Kidole kioshwe kwa sabuni na kikauke; mama aliyemenya embe asubuhi ana sukari ya embe kidoleni, na tone la damu litaibeba. Tone la kwanza lifutwe, lichukuliwe la pili, kidole kisikamuliwe. Na jibu lililo karibu na mpaka, tuseme 4.8 hadi 5.4, lirudiwe.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinavutia kwa kuwa hakidai kufunga. Katika wiki ya 24 hadi 28 tusikitegemee. Chembe nyekundu za mjamzito huishi muda mfupi zaidi, hivyo jibu hushuka. Ukosefu wa madini ya chuma hulipandisha. Chembe za selimundu, ambazo wengi Pwani wamezirithi kutoka kwa mzazi mmoja bila kuugua, huzichanganya baadhi ya mashine. Mahali pake ni hudhurio la kwanza la mimba changa, ambapo asilimia 6.5 au zaidi huonyesha kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba. Sukari ya mkojo tusiiite kipimo cha kisukari kabisa. Figo za mjamzito huachia sukari hata damu ikiwa sawa, na mkojo msafi hauthibitishi lolote.

Homa, na sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, hupandisha sukari. Baada ya deksamethasoni ahirisha kipimo angalau wiki moja. Kwinini hufanya kinyume, hulisukuma kongosho litoe insulini. Mjamzito mwenye malaria kali aliye kwenye dripu ya kwinini apimwe sukari mara kwa mara, kwani akisinzia huenda si malaria bali sukari imeisha.

Kwa anayetafiti kongosho lenyewe

Sukari hutuambia matokeo, haituambii kongosho limetoa nini. Mwanafunzi au mtafiti anayetaka kujua utoaji wa insulini ana njia kadhaa, na kosa la kawaida ni kuchagua ile rahisi kisha kuipa maana isiyo yake. HOMA (kifupi cha Kiingereza, si homa ya mwili), hesabu iliyotolewa 1985, huzidisha insulini ya kufunga kwa sukari ya kufunga na kugawa kwa 22.5. Insulini 12 na sukari 4.6 hutoa takribani 2.5. Namba hiyo husema mwili unavyokaidi insulini wakati wa njaa, haisemi kongosho litafanya nini chakula kikiingia. Kwa hilo, ongeza damu ya dakika ya 30 kwenye kipimo cha kunywa glukosi, kisha gawa ongezeko la insulini kwa ongezeko la sukari. Ratiba ya kliniki haina dakika ya 30, hivyo iandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, maana baadaye haipatikani. Njia ya kuingiza glukosi mshipani kwa saa kadhaa, sukari ikipimwa kila dakika tano, ndiyo sahihi kuliko zote. Ni ya hospitali ya utafiti, si ya kliniki ya kawaida.

Pima insulini au C-peptidi, kipande kinachokatwa insulini inapotengenezwa? Kongosho hutoa vitu hivi viwili kwa idadi sawa. Ini huondoa karibu nusu ya insulini kabla haijafika mkononi unakotoa damu, na iliyobaki hupungua kwa nusu ndani ya dakika tano hivi. C-peptidi hulipita ini na hukaa kama nusu saa, kwa hiyo huonyesha utoaji kwa uaminifu zaidi. La muhimu zaidi kwa sampuli zetu: chembe nyekundu zikipasuka, kimeng'enya kilichomo huila insulini. Damu iliyovutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au kutikiswa kwenye mashua, itakupa insulini ya chini na utadhani kongosho limechoka. Ndiyo maana watafiti wa HAPO, walipotaka kujua watoto wanatoa insulini kiasi gani, walipima C-peptidi ya damu ya kitovu. Sampuli yenye rangi ya waridi baada ya kuzungushwa isipimwe insulini.

Kaswende: kipande cha haraka au RPR

Kipande cha pamoja cha VVU na kaswende ndicho Shirika la Afya Duniani linachopendekeza tangu 2019 kiwe cha kwanza kliniki. Tone la kidole, matone ya maji yake, dakika 15 hadi 20, majibu mawili. Hakihitaji umeme wala friji, ingawa vingi vinataka visizidi nyuzi 30, na droo iliyo chini ya bati Malindi mwezi wa pili huzipita. Kaa na muda ulioandikwa, kwa sababu mstari unaojitokeza baada ya muda kupita si jibu. Maji ya pakiti moja yasitumike kwa pakiti ya kampuni nyingine. Mstari wa VVU ukitokea, vipimo vinavyofuata hufanywa kabla mama hajaambiwa ana VVU.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: husoma kingamwili ambazo kwa wengi hubaki maisha. Mama aliyetibiwa kaswende mimba iliyopita atasoma ana kaswende mimba hii pia.

RPR, kipimo cha kaswende cha maabara, husoma kitu kinachopanda na kushuka pamoja na ugonjwa, na hutoa kiwango. Kikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8, yaani mara nne, tiba imefanya kazi. Lakini inataka damu izungushwe, mililita 0.05 ya maji yake ipakwe kwenye duara la kadi, tone la dawa iliyotoka friji na kupoa baridi yake, kadi izungushwe mara 100 kwa dakika kwa dakika 8, na chumba kiwe kati ya nyuzi 23 na 29. Bila feni au kiyoyozi, kuipata hali hiyo adhuhuri Pwani ni kazi. Ujauzito wenyewe na malaria vinaweza kuifanya isome uongo. Na damu yenye kingamwili nyingi mno huweza kusoma haina kitu mpaka itiwe maji.

Kisiwani, anza na kipande cha haraka na utibu siku hiyo hiyo: benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 msulini, nusu kila tako, adrenalini ikiwa tayari mezani. Usimrudishe mama nyumbani asubiri RPR. Dozi ya kwanza ikipita angalau siku 30 kabla ya kujifungua, mtoto ana kinga nzuri, na kila wiki inayopotea kwa kusubiri mashua inatolewa kwenye siku hizo. Asiyejua aliambukizwa lini apate dozi tatu, moja kila wiki. Damu ya RPR itolewe kabla ya sindano ipelekwe ikiweza, ili kuwe na kiwango cha kulinganisha. Kwa aliyewahi kutibiwa na ana maandishi, RPR ndiyo inayoamua. Asiye na maandishi atibiwe. Mume naye atibiwe, la sivyo ugonjwa unarudi nyumba ile ile.

Mkojo: kijiti, darubini au kuotesha

Mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila kuwashwa wala kuumwa, na wakipanda figo huleta homa kali na uchungu kabla ya wakati. Mwenye sukari ya juu yuko hatarini zaidi. Kuotesha ndiko kipimo chenyewe: bakteria 100,000 kwa mililita, na huonyesha dawa itakayofaa. Huchukua siku mbili, na mkojo lazima uoteshwe ndani ya saa mbili au ukae kwenye baridi ya nyuzi 4 usizidi saa 24. Kwa Malindi hilo linawezekana. Kwa Faza, bila barafu, bakteria wawili watatu wa ngozi watakuwa wamezaana maelfu kabla ya kufika, na mama atapewa dawa ya ugonjwa asio nao.

Pasipo kuotesha, wengi hukimbilia kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema afadhali rangi ya Gram, inayopakwa ili bakteria waonekane, chini ya darubini, nasi tunakubali: zahanati yenye darubini ya malaria imeshamaliza nusu ya gharama. Eneo la naitraiti kwenye kijiti hubadilika rangi kwa bakteria wa aina fulani tu, tena mkojo uwe umekaa kibofuni saa nne hivi. Mama aliyekojoa nusu saa iliyopita husomeka msafi. Mkojo uwe wa asubuhi, wa katikati: ajisafishe, aachie wa kwanza, akinge wa pili.

Kuna streptokoka wa kundi B, anayekaa ukeni bila dalili na kumwambukiza mtoto. Utafiti uliofanywa Kilifi na kutolewa 2016, kwa wajawazito karibu 8,000, ulimkuta kwa asilimia 12, na ukamhusisha na watoto wanaozaliwa wafu. Kumtafuta ni kupaka pamba ukeni na sehemu ya haja kubwa wiki ya 36 hivi na kuotesha. Pasipo maabara, angalia hatari: homa ya leba, chupa iliyopasuka saa 18 au zaidi zilizopita, uchungu kabla ya wiki 37. Mwenye mojawapo apate penisilini mshipani wakati wa leba.

Vipimo vya maambukizi ni vya hudhurio la kwanza, haivumiliki kusubiri wiki 24. Lakini mama anayefika kwa mara ya kwanza na wiki 25 zake yupo, na huyo asirudishwe mara tatu kuvuka bahari. Amekuja hajala na mkojo wa usiku bado uko kibofuni: akojoe kwanza kwenye kopo, atolewe damu ya kufunga, anywe glukosi. Katika saa mbili anazokaa, kipande cha VVU na kaswende kinasomwa na darubini inaangalia mkojo. Kama kaswende imeonekana, penisilini ingoje damu ya saa mbili itoke kwanza, kwa kuwa maumivu ya sindano ile huweza kupandisha sukari. Kisha apewe chakula, na achomwe sindano yake kabla hajateremka gatini.